Hataza moja ya Ulaya haifiki Ulaya nzima

Tangu Juni 1, 2023, wafanyabiashara wengi wanaambiana kwamba ukipata hataza moja tu, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuiga uvumbuzi wako, umelindwa Ulaya yote. Sivyo, na kosa hili linaweza kumkosesha mtu soko zima.

Hataza ya umoja, yaani hataza moja inayofanya kazi katika nchi kadhaa za Umoja wa Ulaya, ilianza siku hiyo na nchi 17. Romania ikajiunga Septemba 1, 2024, zikawa 18, ingawa hataza zilizosajiliwa kabla ya hapo hazikupanuka kuifikia. Umoja wa Ulaya wenyewe una wanachama 27. Hispania na Kroatia hazimo, Poland vilevile. Uingereza, Uswisi na Uturuki ziko nje kabisa, maana si wanachama wa Umoja huo.

Chukua mtu aliyebuni pampu ya maji. Ofisi ya Hataza ya Ulaya, yenye makao Munich, ikishamtangazia hataza yake, ana mwezi mmoja tu wa kuomba ulinzi huo wa pamoja. Akiishia hapo, kiwanda cha Madrid kinaweza kuiga pampu ile ile na kuiuza Hispania bila kumlipa hata senti. Dawa ipo: aithibitishe hataza hiyo Hispania pia, kwa utaratibu wa zamani wa nchi moja moja.

Lingine, ambalo naona halisemwi vya kutosha: Mahakama ya Pamoja ya Hataza, inayosikiliza kesi za hataza kwa niaba ya nchi hizo, ikiibatilisha hataza ya umoja, hataza hiyo inaanguka katika nchi zote inamofanya kazi, kwa hukumu moja. Mwenye uvumbuzi mmoja unaomlisha alipime hilo kabla mwezi haujaisha.