Je, wajua kwa nini breki kubwa hazilisimamishi gari dogo mapema zaidi?

Mtu anayeshuka na gari dogo kutoka Newala kuelekea Masasi hukutana na jambo ambalo mkazi wa Mtwara mjini, ambaye safari zake ni kati ya Shangani na Mikindani, anaweza kukaa miaka mingi bila kuliona. Uwanda wa juu wa Makonde unakoma, barabara inaanza kuteremka, na mguu hauondoki kwenye pedeli ya breki. Afikapo chini anasikia harufu ya kuungua na pedeli imekuwa laini kuliko ilivyokuwa juu, na haichukui siku nyingi kabla hajamuuliza fundi kama inawezekana kufungiwa breki za toleo la kasi la gari lake lile lile.

Swali hilo lina msingi. Toyota Vitz RS, kwa mfano, huja na diski (sahani ya chuma izungukayo na gurudumu na kubanwa na vipande vya msuguano viitwavyo pedi) hata katika magurudumu ya nyuma, ilhali Vitz nyingi za kawaida zina dramu nyuma, yaani ngoma ya chuma inayoshikwa kwa ndani. Wapenzi wa Honda Civic za miaka ya 1990 wamezoea kuondoa diski za mbele zenye kipenyo cha milimita 240 na kufunga za Honda Integra zenye milimita 262. Hata hivyo, anayefanya hivyo kwa matumaini kwamba gari litasimama mapema zaidi linapotokea jambo la ghafla mbele yake anaweza kutoa fedha nyingi na bado asione tofauti yoyote.

Sababu ni kwamba breki hulizuia gurudumu, lakini linalolizuia gari ni tairi. Ikiwa breki za kawaida tayari zina nguvu ya kufunga magurudumu, au ya kuiamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge), basi zimekwisha kufika kwenye mpaka wa mshiko uliopo kati ya tairi na lami, na nguvu yoyote ya ziada haina mahali pa kwenda. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, juu ya lami ambayo mshiko wake ni 0.8 (yaani tairi zinaweza kushika kwa nguvu ya hadi asilimia 80 ya uzito wa gari), huhitaji takriban mita 49 kusimama tangu breki zinaposhika. Katika hesabu hiyo kuna mwendo, mvutano wa dunia na mshiko tu. Kipenyo cha diski hakimo. Kwa hiyo mtu ambaye shida yake ni umbali wa kusimama ningemshauri aanze na tairi zake, hasa kama hupita mahali ambapo mchanga huletwa juu ya lami na upepo au na magurudumu yatokayo barabara za vumbi.

Breki kubwa zina kazi nyingine, nayo ni kubeba joto. Breki haiui mwendo. Huugeuza kuwa joto kwa msuguano. Gari la kilo 1,000 linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya mwendo ya takriban kilojuli 386, na kwa kuwa uzito huegemea mbele gari linapofunga breki, tuchukulie kwamba asilimia 70 ya nishati hiyo huangukia diski mbili za mbele. Kama kila diski ina kilo 4 za chuma, breki moja ya namna hiyo huzipandisha joto kwa nyuzi 70 hivi za Selsiasi. Kama kila moja ina kilo 6, hupanda kwa nyuzi 50 hivi. Tofauti hiyo haina uzito mkubwa katika breki moja, kwa sababu diski itapata muda wa kupoa kabla ya breki nyingine.

Mteremko, lakini, hautoi muda huo. Gari hilo hilo likishuka kimo cha mita 300 hulazimika kuachia nishati inayozidi mara saba ile ya kulisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na injini, na inayobaki yote huishia kwenye breki, joto juu ya joto. Hapo ndipo diski nene, yenye nafasi za kupitisha hewa katikati yake, huonyesha thamani yake, kwa maana diski ndogo isiyo na nafasi hizo hufikia kiwango ambacho pedi hupoteza msuguano wake, na dereva hukanyaga kwa nguvu zaidi huku akipata breki kidogo zaidi.

Hata hivyo pedeli laini aliyoikuta msafiri wetu huenda haikutokana na udogo wa diski. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ya Lindi na Mtwara ina unyevu wa kutosha. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205, na ya DOT 4 kabla ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji viwango hivyo vya chini hushuka hadi 140 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea. Pedeli huzama na breki haishiki. Nasisitiza jambo hili kwa sababu chupa ya mafuta mapya na mazoea ya kushuka kwa gia ndogo hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya diski na kalipa, kile kibano kinachoisukuma pedi dhidi ya diski, na kwa madereva wengi wa mteremko ule vingetosha.

Anayebaki na haja ya kubadilisha, labda kwa kuwa hubeba mzigo na abiria huko kila wiki, anapaswa kuzichukulia breki kuwa mfumo mmoja. Kalipa yenye pistoni kubwa huhitaji mafuta mengi zaidi ili isogee. Masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedeli, ikibaki ile ndogo ya zamani, pedeli itakwenda chini sana kabla ya breki kushika. Uwiano wa mbele na nyuma nao huvurugika. Ukiongeza nguvu mbele peke yake, magurudumu ya mbele hufika kwenye mpaka wao mapema wakati ya nyuma hayajafanya sehemu yake, na umbali wa kusimama unaweza hata kuongezeka. Ukizidisha nyuma, magurudumu ya nyuma hujifunga kwanza na gari huzunguka. Hilo la pili ndilo la hatari zaidi.

Rimu nayo ina neno lake: kalipa za Brembo za Subaru Impreza STI huhitaji rimu za inchi 17, na hazitaingia ndani ya rimu za inchi 15 hata fundi awe hodari namna gani. Anayefunga diski za nyuma katika gari lililokuwa na dramu akumbuke pia nyaya za handibreki.

Vipuri vyenyewe mara nyingi vitakuwa vilivyotumika, na vikiwa vimekaa karibu na bahari, chumvi huwa imefanya kazi yake. Unene wa chini unaoruhusiwa huandikwa juu ya diski yenyewe, hivyo upimwe kabla ya kulipa. Mipira ya pistoni ibadilishwe, na pini za kalipa zisogee bila kulazimishwa. Upepo ukishatolewa kwenye mfumo, gari lijaribiwe kwanza mahali tambarare pasipo na watu, kwa breki kadhaa za wastani zinazoachiana nafasi ili pedi mpya zizoeane na diski. Kisha, bila kugusa chuma, kiganja kisogezwe karibu na kila gurudumu la mbele: upande mmoja ukiwa na joto kali kuliko mwenzake, kalipa ya upande huo haiachii, na gari halijawa tayari kupandishwa Newala.