Kompyuta ya michezo haizeeki kwa usiku mmoja

Wengi wanaopeleka kompyuta zao za michezo kwa mafundi wa Luthuli Avenue, jijini Nairobi, huwa wameshaamua kwamba mashine iliyopungua kasi ghafla imezeeka na inahitaji kadi mpya ya picha. Dhana hiyo huwagharimu pesa nyingi bure. Kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, hakipotezi kasi kwa sababu ya umri tu. Kompyuta ya mwaka 2016 iliyoendesha mchezo uleule vizuri mwezi uliopita haijasahau kazi yake, bali kuna kitu kinachoizuia.

Mara nyingi kizuizi hicho ni joto. Vumbi, ambalo wakazi wa Eastlands wanalifahamu vyema wakati wa kiangazi, huziba mapezi ya kipoza joto, na ile grisi iliyopakwa kati yake na kichakataji hukauka kadiri miaka inavyopita, hivyo kichakataji kinapokaribia nyuzi 95 au 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue. Mchezo huanza vizuri, kisha baada ya dakika kadhaa picha hukwamakwama huku feni zikivuma kama kinu cha posho. Programu ya bure kama HWiNFO itakuonyesha joto hilo mchezo ukiendelea.

Joto likiwa la kawaida, ichunguze diski, hasa ikiwa imejaa pomoni. Kwa kompyuta mpakato, itazame pia chaja: iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa huenda ina wati pungufu, na mashine hubana matumizi yake kulingana na umeme inaoupata.