Nyoka Anataka Kubanwa

Nikisema kazi yangu ni kuwatengenezea nyoka maficho kwenye bustani za umma, watu huniuliza kama nataka wenzangu waumwe. Nyoka yupo bustanini tayari. Akikosa pa kulala atajipenyeza chini ya benchi, na huko ndiko mikono ya watoto inakofika.

Ficho lenyewe ni bati chakavu lililolazwa juu ya nyasi. Nyoka hatengenezi joto la mwili wake, hulitafuta nje. Asubuhi bati hupata moto upesi, naye hulala chini yake akiota joto bila mwewe kumwona. Jua la mchana likikolea, bati hugeuka kikaango, kwa hiyo kando yake huweka ubao, ambao hupata joto polepole na kutunza unyevu.

Ficho langu la kwanza lilikuwa rundo la mawe makubwa yenye mapengo mapana, zuri la kupigwa picha. Vyura walihamia, panya wakazaa humo, nyoka hata mmoja sikumwona. Nilikuwa nimejenga kwa macho ya mtu. Nyoka anataka kubanwa: mgongo uguse dari, tumbo liguse sakafu. Mwanya ukiwa mpana, adui naye anaingia.

Kule Australia, karibu na Sydney, watu walizoa mawe bapa ya porini kupambia bustani zao, na nyoka adimu aitwaye Hoplocephalus bungaroides akapungukiwa na makazi. Watafiti waliweka mabamba ya zege mahali pa mawe yaliyochukuliwa. Mabamba yaliyofaa ni yale yenye mwanya mwembamba, tena yasiyofunikwa na kivuli cha miti.

Mimi huweka mabati pembezoni mwa nyasi ndefu, mbali na njia, kwa sababu bati linaloonekana litakanyagwa, na aliye chini yake atapondwa. Kibao cha maelezo nakikubali, ila kikae getini. Ukikisimamisha penye ficho umewaelekeza wawindaji.

Kukagua nako kuna adabu yake. Nasimama upande mmoja, nauvuta kwangu ukingo wa ng'ambo wa bati kwa ndoano ndefu, ili bati lisimame kama ngao kati yangu na yeye. Kurudisha, nalishusha kwanza palipo wazi, kisha namwacha ateleze mwenyewe kuingia. Wanaofunua kila siku wanajihangaikia bure, maana kila ukifunua unamwaga joto na unyevu, na mwenyeji akichoka anahama.

Bati jipya linataka subira ya wiki kadhaa, nyasi zife chini yake na panya wachimbe vijia. Chini ya moja sijawahi kumwona nyoka, lakini juzi nilikuta gamba zima, mpaka vile vigamba viwili vyembamba vya macho. Bati nimelirudisha, sitalifunua tena mwezi huu.