Hamaki si kukasirika tu: msamiati unaofundishwa na hadithi

Mama mmoja anayemsomesha bintiye nyumbani aliniletea daftari lililopangwa vizuri mno: maneno 20 kila wiki, maana upande wa kulia, sentensi moja chini yake. Binti alikuwa akipata 20 kwa 20 karibu kila jaribio. Nikafungua hadithi tukasoma pamoja mpaka pale mhusika "alipohamaki", neno lililokuwamo daftarini. Nikamuuliza kimetokea nini. "Amekasirika," akajibu, akafunua ukurasa. Mtihani ungempa alama. Lakini yule mhusika alikuwa amelipuka ghafla, kabla hajawaza, na sura nzima iliyofuata alikuwa akijutia hilo. Binti aliisoma sura ile bila kuelewa majuto yanatoka wapi.

Ndiyo maana mzazi akiniuliza atumie orodha gani ya maneno, namwambia aiweke kando. Orodha humfundisha mtoto kubadilisha neno kwa neno, kana kwamba yote yana uzito mmoja. Hadithi humwonyesha nani alilistahili neno lile na kwa nini mwandishi hakutumia lililo jepesi. Kwa binti yule niliandika kwenye vikaratasi kununa, kukasirika, kuhamaki na kughadhibika, nikamwomba amgawie kila mhusika chake. Kununa hakukumsumbua; ana mdogo wake. Kati ya kuhamaki na kughadhibika tulibishana karibu nusu saa, na ubishi ule ndio uliokuwa somo.

Nusu saa kwa maneno mawili! Mwalimu mwenye darasa zima hawezi kuimudu. Wewe wa nyumbani unaweza, mradi usitake kufanya hivyo kwa kila neno. Isabel Beck na Margaret McKeown, watafiti wa Marekani, hugawa maneno katika makundi matatu: ya kila siku, ya fani maalumu, na yale ya katikati ambayo msomaji atayakuta kitabu baada ya kitabu. Hadithi ya baharini ikitaja mlingoti au demani, mweleze mtoto kwa sentensi moja msonge mbele. Kusitasita, kuduwaa, kushawishi, kunyemelea: hayo ndiyo ya kutolea jasho. Mimi huchagua manne kwa sura, tena huyachagua usiku uliotangulia. Ukingoja kuyachagua wakati wa kusoma utajikuta umeyataka yote.

Nalisema hilo kwa sababu nililifanya. Mwanafunzi wangu wa kwanza nilimsimamisha kwenye kila neno gumu, huku mtoto wa hadithi akiwa ananing'inia kwenye tawi juu ya mto. Kwenye kituo cha saba akaniomba nimwambie tu kama alianguka, ili tufunge kitabu.

Lakini kutoeleza kabisa nako ni hasara. Mwaka 1989 Warwick Elley alichapisha majaribio aliyofanya Nyuzilandi na watoto wa miaka 7 na 8 waliosomewa hadithi kwa sauti. Waliosikiliza tu walipata takriban asilimia 15 ya maneno mapya yaliyopimwa. Mwalimu alipokuwa akieleza kidogo anaposoma, kiasi kilipanda hadi asilimia 40. Kidogo, narudia. "Alinyata, yaani alitembea polepole asisikike," na sauti yako inaendelea bila kupumzika. Baadaye, kitabu kikishafungwa, mwambie anyate hadi mlangoni, arudi akichechemea, kisha apepesuke. Miguu ya mtoto inatofautisha haraka kuliko maelezo yoyote niliyowahi kuyatunga.

Kamusi nayo ina siku yake, ila kwanza mfundishe kulivua neno. Mtoto akikuta "hawakutunyemelea" akaenda kulitafuta kwenye H, atarudi mikono mitupu na kukuambia neno halipo. Avue ha-, wa-, -ku- na -tu- mpaka abaki na nyemelea. Nyufa atazipata kwenye ufa, meno kwenye jino. Watoto wengi ninaoletewa kwa kuwa "msamiati wao ni duni" kumbe maana wanaijua; wanakwama kwenye mavazi ya neno. Siku ukimwona anavua kitenzi kimoyomoyo bila kuambiwa, jua vitabu vigumu zaidi vimefunguka.

Na usiache kumsomea kwa sauti eti kwa sababu sasa anajua kusoma mwenyewe. Kitabu asichokiweza peke yake atakiweza masikioni, na kuna maneno yanayoishi kwenye sauti tu: giza totoro, kimya jii, kujaa pomoni, kutumbukia majini chubwi. Yasome kwa kumung'unya na utaona yamefifia. Nahau zinahitaji usimame kidogo zaidi. Mtoto mmoja alinikatiza tuliposoma kwamba shujaa "alipiga moyo konde", akataka kujua moyo ulikosa nini. Tukatumia jioni ile kukusanya vitu vinavyopigwa bila kuumia: magoti, mbizi, soga, chuku.

Baada ya hapo sitoi jaribio. Mtoto hunisimulia sura kwa maneno yake, nami nasikiliza ni lipi kati ya yale manne limejitokeza lenyewe. Lisipojitokeza nalitumia mimi katika mazungumzo ya kesho yake, na ya wiki inayofuata, pasipo kulitangaza. Likijitokeza kimakosa, sikurupuki kusahihisha. Juzi upepo ulipobamiza mlango tukiwa katikati ya kusoma, binti wa daftari lile alishtuka akasema, "Mlango umehamaki!" Nilifungua mdomo nimwambie mlango hauna hasira, nikaufunga. Ghafla, bila kuwaza, kwa kishindo. Alikuwa amepatia.