Mwanga laini ni nini? Somo la taa kwa wanaoanza kupiga picha za sura

Mwanga laini ni ule ambao kivuli chake hakina mpaka ulio wazi. Giza linaanza taratibu, linakolea, na huwezi kuonyesha kwa kidole ni wapi hasa ulipoingia kivulini. Mwanga mkali ni kinyume chake: ukingo wa kivuli unaufuata kwa ncha ya kalamu bila kubahatisha.

Nguvu ya taa haihusiki hapa. Tochi ya simu ni dhaifu sana, lakini vivuli vyake ni vikali. Anga la mchana lililofunikwa na mawingu lina nguvu mara nyingi zaidi ya hiyo tochi, na vivuli vyake huvioni. Mwanafunzi akishatenganisha mambo haya mawili, wingi wa mwanga na ulaini wake, nusu ya somo imekwisha.

Nusu ya pili ndiyo inayochelewa kuingia. Wengi wanafika chuoni wakiamini kwamba ulaini unatoka kwenye kile kitambaa cheupe cha softboksi, lile boksi la kitambaa linalovalishwa taa, kwamba mwanga ukipita pale unachujwa na kutoka ukiwa laini. Kwa imani hiyo mtu anaweka softboksi yake mita tatu kutoka kwa mteja, anapata vivuli vikali, halafu anailaumu softboksi. Kitambaa kina kazi moja tu: kuusambaza mwanga wa taa ndogo mpaka eneo lake lote liwake, ili chanzo kisiwe tena ile taa ndogo bali kitambaa chenyewe. Baada ya hapo kinachoamua ni hiki: chanzo hicho kinaonekana kikubwa kiasi gani ukikitazama kutoka pale alipokaa anayepigwa picha. Kikionekana kikubwa, mwanga ni laini. Kikionekana kidogo, ni mkali.

Jua ndilo mfano bora. Kipenyo chake ni karibu kilomita milioni 1.4, na bado vivuli vyake ni vikali kupindukia, kwa sababu liko kilomita milioni 150 kutoka kwetu. Kutoka hapa chini, punje ya mbaazi ukiishika kwa mkono ulionyooshwa inatosha kulifunika. (Usijaribu kwa jua. Jaribu kwa mwezi mpevu, maana kwa macho yetu ukubwa wao unakaribiana.) Wingu zito likitanda, jua halijabadilika hata kidogo, ila sasa chanzo cha mwanga wetu ni anga zima, kutoka upeo hadi upeo. Ndiyo maana wapiga picha wa harusi wanaoijua kazi hawanung'uniki siku ikiwa na mawingu.

Tuishushe hesabu kwenye pua, kwa sababu pua ndiyo inayotupa kivuli kinachoonekana kuliko vyote usoni. Chukua pua iliyojitokeza sentimita 2.5 juu ya shavu. Upana wa ule ukanda wa mpito, kutoka penye mwanga hadi kivulini, unaupata kwa kugawa upana wa taa kwa umbali wake, kisha kuzidisha kwa zile 2.5. Softboksi ya sentimita 60 ikiwa sentimita 60 kutoka usoni, mpito ni sentimita 2.5, yaani kivuli kinayeyuka polepole juu ya shavu. Softboksi hiyohiyo ukiirudisha mita 3, mpito unabaki nusu sentimita. Flashi ya juu ya kamera, yenye kioo cha sentimita 6, ikiwa mita 2, inakupa mpito usiofika milimita moja. Jua linakupa robo ya milimita. Rudi kwenye softboksi: kifaa ni kilekile na uso ni uleule. Kilichobadilika ni futi chache tu za sakafu. Ukitaka softboksi iliyo mita 3 itoe mwanga laini sawa na ile iliyo sentimita 60, itabidi ununue yenye upana wa mita 3, na sijui utaipitisha mlango gani.

Kwa hiyo somo langu la kwanza la taa halina kamera. Zinabaki ndani ya mabegi, na wanafunzi huchukia. Mmoja anakaa kitini, mwingine anashika stendi ya taa na kuisogeza nyuma na mbele taratibu, waliobaki wanatazama kivuli kilicho chini ya pua na kile kilicho chini ya kidevu. Hakuna anayeruhusiwa kutazama taa. Mwenye kamera mkononi hutazama kioo cha kamera, na kioo cha kamera hukuambia kilichokwisha kutokea. Ukitazama uso wenyewe, unaona kivuli kikikaza au kikilegea papo hapo, kila stendi inavyosogea. Chuo kikiwa hakina taa, dirisha linatosha: dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, mtu akae karibu nalo, kisha arudi na kiti chake hatua moja moja kuelekea ukuta wa pili. Jua likiwa linapiga, tundika shuka nyeupe dirishani, na dirisha zima linageuka kuwa softboksi. Kitenge au kanga visitumike kwa kazi hiyo, kwani rangi ya kitambaa itaishia kwenye shavu la mtu.

Hapo huwa linakuja swali la kile kikofia cha plastiki cheupe kinachovalishwa flashi. Kinalainisha au hakilainishi? Ndani ya chumba chenye kuta na dari nyeupe, kinasaidia, kwa sababu kinamwaga mwanga kila upande, ukagonga dari na kuta, na hizo kuta ndizo zinazogeuka kuwa chanzo kikubwa. Nje uwanjani, usiku, hakuna cha kugonga. Chanzo kinabaki kuwa kile kikofia, kikubwa kidogo tu kuliko flashi yenyewe, na unachopata ni betri kuisha mapema. Kama una dari nyeupe, geuza tu kichwa cha flashi kielekee juu. Fedha ya kikofia nunua betri. Kama dari ni ya kijani, jiandae kwa nyuso za kijani.

Kusogeza taa karibu kuna gharama yake, na gharama hiyo nayo lazima ifundishwe siku hiyohiyo. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: mita 1 ikiongezeka kuwa 2, kinachofika ni robo. Uso ukiwa sentimita 60 kutoka kwenye taa, na ukuta wa nyuma uko sentimita 180 kutoka kwenye taa hiyo, ukuta unapata sehemu moja ya tisa ya mwanga unaofika usoni, kama stopu tatu pungufu (stopu moja ni kupungua kwa mwanga kwa nusu). Utatoka wa kijivu kilichoiva hata kama umepakwa chokaa nyeupe. Rudisha taa mita 3, mtu na ukuta wakiwa palepale: sasa ukuta uko mita 4.2 kutoka kwenye taa, na unapata karibu nusu. Kwa taa kubwa iliyosogezwa karibu sana hesabu hii hailingani kikamilifu, kwani iliandikwa kwa chanzo kidogo mfano wa nukta, lakini mwelekeo haubadiliki. Ndiyo sababu picha ya familia ya watu wanane haipigwi kwa taa iliyo karibu. Mjomba aliyekaa upande wa taa atang'aa, na shangazi wa mwisho atabaki gizani.

Sasa nije kwenye ngozi yetu, jambo ambalo mafunzo mengi ya taa hulipitia juu juu. Mwanga unaofika usoni hurudi kwa njia mbili. Sehemu moja inaingia ndani kidogo ya ngozi, inatawanyika na kutoka na rangi ya mtu. Sehemu nyingine inadunda juu kabisa, penye mafuta na jasho, bila kuingia. Huo ndio mng'ao. Ngozi nyeusi inameza zaidi ile sehemu inayoingia, lakini mng'ao unabaki karibu uleule kwa kila mtu. Matokeo yake, kwenye uso mweupe umbo linasomeka zaidi kwa vivuli, na kwenye uso mweusi linasomeka kwa mng'ao: kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye mwinuko wa pua.

Mng'ao ni taswira ya taa yenyewe, kama ngozi ingekuwa kioo kilichofifia. Taa ndogo inaacha nukta ndogo nyeupe iliyoungua, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa, mteja akiwa na jasho, nukta hizo zinatapakaa paji zima. Wengi hukimbilia poda. Poda inasaidia, lakini inaondoa na uhai wa ngozi. Taa kubwa iliyo karibu inaacha mng'ao mpana usioungua, kwa sababu mwanga uleule umegawanywa kwenye eneo kubwa, na mng'ao huo mpana ndio unaochora mfupa wa shavu. Kwa hiyo ninapofundisha wanafunzi wetu siwaambii tu watazame kivuli. Nawaambia watazame mng'ao umekaa wapi, una upana gani, na kama rangi ya ngozi bado inaonekana ndani yake. Mara nyingi kuisogeza taa pembeni kidogo, mpaka mng'ao utue kwenye shavu badala ya katikati ya paji, kunaokoa picha kuliko kuongeza taa ya pili.

Ulaini usichanganywe na mahali taa ilipo. Mpangilio unaoitwa wa Rembrandt, kwa jina la mchoraji wa Uholanzi aliyeishi 1606 hadi 1669, unahusu mahali: taa iko juu na pembeni kiasi kwamba kivuli cha pua kinaungana na kivuli cha shavu, ikabaki pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho la upande wa giza. Pembetatu hiyo unaipata kwa taa kali au kwa taa laini. Ukilainisha kupita kiasi inafutika, na wanafunzi hushangaa imekwenda wapi.

Wala laini si jina lingine la nzuri. George Hurrell, aliyewapiga picha waigizaji wa Hollywood miaka ya 1930, alisifika kwa taa kali zenye vivuli vyeusi, na sura zile hadi leo zina mvuto. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alitegemea zaidi mwanga wa mchana uani kwake, na kitambaa cha nyuma kwa muda fulani kilikuwa shuka la kitandani kwake; nyuso zake ni tulivu. Mmoja alitaka nyota wa sinema, mwingine alitaka mteja aliyependeza kwa nguo zake bora. Mzee mwenye mikunjo inayosimulia miaka yake baharini hahitaji softboksi ya sentimita 150 puani. Bibi harusi anaweza kuihitaji. Kabla hujagusa stendi, amua unataka uso ule usemeje.

Na kama unataka kujua picha unayoipenda ilipigwa kwa taa gani, ikuze mpaka uone jicho. Ndani ya mboni kuna umbo jeupe: mraba ni softboksi au dirisha, duara ni mwavuli au taa ya duara, kinukta ni flashi tupu au jua. Linganisha ukubwa wa umbo hilo na ukubwa wa mboni, na utajua taa ilionekana kubwa kiasi gani kutoka pale alipokaa mtu. Mahali lilipo, penye namba 10 au penye namba 2 kama kwenye uso wa saa, patakuonyesha stendi ilisimama upande gani. Anza na picha zilizotundikwa ukutani kwenye studio ya mtaani kwenu. Wenye studio huwa hawakatazi mtu kutazama.