Gunia la viazi na ziwa Kivu

Juzi nilivuta gunia la viazi kwenye sementi ya ua wetu hapa Goma, nikiwa nimelifunga kwenye mizani ya ndoano, ile ya kupimia nyama sokoni. Nilivuta polepole. Mshale ukapanda: kilo 10, 15, 20. Gunia limetulia tuli. Ulipofika 24 likachomoka, na mshale ukashuka papo hapo hadi 18 huku gunia linateleza.

Wanafunzi wangu wanapenda kuziandika namba hizo kwa mlinganyo mmoja laini, unaoteremka vizuri kutoka 24 hadi 18. Nawakataza. Mlinganyo huo haujui kutulia. Weka gunia kwenye mteremko mdogo, na modeli, yaani gunia la kwenye kompyuta linalofuata mlinganyo huo, italishusha kidogo kidogo usiku kucha, wakati gunia la kweli utalikuta asubuhi pale pale.

Inatakiwa milinganyo miwili. Gunia likitulia, msuguano ni sawa na nguvu unayovutia, na mwendo ni sifuri. Likiteleza, msuguano ni 18, basi. Ugumu uko kwenye kujua ni lini unaacha wa kwanza na kushika wa pili. Kompyuta inapiga hatua, tuseme kila sehemu ya kumi ya sekunde, na mabadiliko hutokea katikati ya hatua. Mara nyingi nimeona kwenye skrini gunia lililotakiwa kusimama likitetemeka mbele na nyuma: mwendo umevuka sifuri ndani ya hatua moja, msuguano ukageuka upande, ukalirudisha, ukageuka tena. Dawa ni kuipa programu kipimo cha umbali hadi mpakani, yaani 24 ukitoa nguvu ya kuvuta, au mwendo wenyewe gunia linapoteleza. Alama ya kipimo hicho ikigeuka, programu irudi nyuma, igawe hatua nusu kwa nusu mpaka iupate ule wakati, isimame, ibadilishe mlinganyo, ianze upya.

Na kuna jambo ambalo mimi naliona zito zaidi. Ukivuta kwa 20, gunia linatembea? Inategemea limetoka wapi. Lililotulia litabaki limetulia. Lililokwisha kuchomoka litaendelea. Kwa hiyo modeli lazima ikumbuke.

Ndiyo maana nikitazama Kivu nafikiria gunia lile. Chini kuna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zimeyeyuka majini. Kwenye kina cha mita 300 uzito wa maji unabana kwa karibu atmosfia 30, na mgandamizo wa gesi ukiwa chini ya hapo, gesi inatulia. Ukivuka, mapovu yanazaliwa, yanayainua maji, maji yaliyoinuka yanapungukiwa na mbano, mapovu yanazidi. Ziwa Nyos, Kamerun, liliuvuka mpaka huo tarehe 21 Agosti 1986, na watu wapatao 1,700 wakafa.

Kule Nyos, mwaka 2001, waliteremsha bomba refu hadi maji ya chini ili kuitoa gesi polepole. Pampu ilihitajika kuyaanzisha tu. Ilipozimwa, maji yaliendelea kuruka juu ya ziwa kama chemchemi, yakibebwa na gesi yake yenyewe.