Kulia na Mwenzio si Kumtendea Haki: Dhana Potofu Kuhusu Huruma

Mkazi wa Dar es Salaam huombwa msaada karibu kila siku. Iko picha ya bili ya hospitali inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, yuko mtoto anayegonga kioo cha gari kwenye taa za Ubungo, kuna mchango unaotangazwa msikitini au kanisani, na kuna kadi ya harusi ambayo, tukisema kweli, nayo ni ombi la msaada lililonakshiwa. Kwa kuwa hakuna mfuko unaowatosha wote, kila mmoja wetu huchagua, na wengi huamini kwamba moyo ndio unaojua kuchagua: ukiguswa, toa. Mwaka 2016 mwanasaikolojia Paul Bloom alichapisha kitabu kizima cha kuipinga imani hiyo, akidai kwamba kuuhisi uchungu wa mwingine kana kwamba ni wako ni kiongozi mbaya wa maamuzi ya kimaadili, na kwamba kinachofaa kutuongoza ni huruma inayoshauriana na akili. Wanasaikolojia wenzake wapo waliompinga, na si lazima kuyakubali yake yote. Lakini mimi nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha kusaidiana huko Tabata kwa miaka minne, na nimeona mengi yanayonifanya nimsikilize.

Dhana: Kumhurumia mtu ni kuuhisi uchungu wake.

Haya ni mambo mawili, na hata usemi wetu wa kawaida huyatenganisha, kwani anayeona uchungu ameumia yeye mwenyewe, ilhali anayemhurumia mwenzake anamtakia nafuu. Muuguzi wa wodi ya wazazi hahitaji kuhisi uchungu wa kila mama anayejifungua usiku ule. Angeuhisi, asingefika asubuhi akiwa na mikono isiyotetemeka.

Tofauti hii imechunguzwa hadi ndani ya ubongo. Mwaka 2004 mtafiti Tania Singer na wenzake walionyesha kwamba mwanamke anapojua kuwa mpenzi wake anaumizwa, baadhi ya sehemu za ubongo wake zinazofanya kazi ni zilezile zinazofanya kazi anapoumizwa yeye. Miaka kumi baadaye, Singer akiwa pamoja na Olga Klimecki na wengine, walichapisha utafiti ambamo watu walifundishwa kwanza kuupokea uchungu wa wale waliowaona kwenye video, kisha wakafundishwa kuwatakia wema bila kuubeba uchungu huo. Mafunzo ya kwanza yaliwaongezea huzuni na dhiki. Yale ya pili yaliipunguza dhiki hiyo, yakawarudishia hisia njema, na yakaamsha sehemu nyingine kabisa za ubongo. Anayefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, wafiwa au watoto waliodhulumiwa ataelewa mara moja maana ya matokeo hayo: uchungu wa kuazima huchosha, na aliyechoshwa huanza kuwakwepa walewale aliokusudia kuwasaidia.

Zaidi ya hapo, mara nyingi tunachokihisi si uchungu wa mwenzetu bali ni wetu tuliomvika yeye. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu hujiuliza, "Ningekuwa mimi ningetaka nini?" akajijibu, kisha akapeleka jibu lake kwa mtu ambaye hakuulizwa.

Dhana: Aliyeguswa zaidi ndiye atakayeamua kwa haki zaidi.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kwa muda, kwa sababu dhana hii ndiyo iliyokigharimu kikundi chetu.

Kila mwanachama hutoa shilingi 10,000 kwa mwezi. Katiba yetu, kurasa mbili zilizopigwa chapa na muhuri, inasema fedha hizo ni za ugonjwa na msiba, na haisemi zaidi. Jioni moja mwenzetu alituma kwenye kundi picha ya mpwa wake aliyeungua mguu kwa uji wa moto, pamoja na ujumbe wa sauti ambamo mtoto alisikika akilia. Hakuna aliyeuliza gharama ni kiasi gani, wala kama mtoto ana bima ya afya, wala kama ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ilikuwa imefikiwa. Kufikia saa tatu usiku nilikuwa nimeshatuma karibu fedha zote, na ninakiri kwamba nilizituma kwa furaha, huku macho yakiwa na machozi. Baadaye ilibainika kwamba mtoto alikuwa na bima na kilichohitajika hakikufika hata robo ya kiasi kile. Siku tisa baadaye mzee mmoja wa kikundi, mpole, fundi cherehani, aliandika kwamba anaomba kusaidiwa kununua dawa za kisukari za mkewe. Hakutuma picha. Alituma orodha ya bei. Nilimjibu kwamba mfuko hauna kitu, naye akaandika, "Sawa, mweka hazina, Mungu atasaidia."

Mwaka 1995 Daniel Batson na wenzake walichapisha majaribio yanayofanana sana na jioni ile. Washiriki walisimuliwa habari za mtoto wa kike wa miaka 10 mwenye ugonjwa wa kufisha, aliyekuwa kwenye orodha ya kusubiri huduma ya kumpunguzia mateso. Waliambiwa kwamba waliomtangulia kwenye orodha walikuwa na haki ya kutangulia, kisha wakapewa nafasi ya kumpandisha juu ya wengine wakitaka. Miongoni mwa walioelekezwa kuitazama habari ile bila kuzama katika hisia, theluthi moja hivi ndio waliompandisha. Miongoni mwa walioombwa wajaribu kuhisi anachohisi yeye, waliompandisha walikaribia robo tatu. Katika majaribio hayo, waliotenda hivyo wenyewe walikiri kwamba kumpendelea si haki. Hawakuwa watu wabaya, kama ambavyo sisi hatukuwa wabaya. Tatizo ni kwamba wale watoto wengine, waliorudishwa nyuma kwa nafasi moja kila mmoja, hawakuwa na sauti kwenye chumba kile, kama ambavyo mke wa fundi cherehani hakuwa na sauti kwenye simu zetu.

Dhana: Wenye shida wakiwa wengi, huruma nayo huongezeka.

Kwa hesabu ingepaswa kuwa hivyo. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic waliripoti jaribio ambalo ndani yake Wamarekani waliolipwa dola 5 kwa kujibu maswali walipewa nafasi ya kuchangia vita dhidi ya njaa barani Afrika. Walioonyeshwa picha na habari za mtoto mmoja wa Mali, wa miaka 7, walitoa wastani wa dola 2.38. Walioelezwa takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa dola 1.14. Linalostaajabisha ni kundi la tatu: walipewa habari za yule mtoto pamoja na takwimu, wakatoa dola 1.43 tu, maana yake takwimu hazikuikuza huruma bali ziliipoza.

Jiji letu lina mfano wake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaua watu wapatao 40 hapa Dar es Salaam, na familia zilizokuwa zikiishi mabondeni zilipelekwa Mabwepande. Wananchi walitoa nguo, magodoro na unga, kwa sababu walikuwa wameona kwenye televisheni watu waliokaa juu ya mapaa. Lakini mvua za kabla na za baada zilikuta mifereji iliyoziba kwa taka na bonde la Msimbazi lililojaa mchanga, na sijawahi kuona mchango wa hiari, ule wa kupitisha daftari nyumba kwa nyumba, uliochangishwa kwa ajili ya kuzibua mtaro mwezi wa Agosti, jua likiwaka. Mtaro hauna uso, na mtu atakayeokolewa na mtaro uliozibuliwa hatajulikana kamwe ni nani, hata na yeye mwenyewe.

Damu nayo ni hivyo. Akipata ajali ndugu au mtu aliyetangazwa sana, vijana hujipanga kuchangia, na hilo ni jema. Lakini chembe nyekundu zilizotolewa huhifadhika kwa siku 35 hadi 42 tu, kutegemea mfuko uliotumika, hivyo mtu anayechangia kila baada ya miezi michache bila kuambiwa ni ya nani anaifaa benki ya damu kuliko umati wa siku moja.

Dhana: Moyo haubagui.

Hubagua, tena kwa jezi. Mwaka 2010 Grit Hein, Tania Singer na wenzao walichapisha utafiti walioufanya Zurich kwa mashabiki wa mpira. Kila shabiki alimwona mwenzake, na pia shabiki wa timu pinzani, akipigwa shoti ya umeme mkononi, na aliweza kujitolea kubeba nusu ya maumivu hayo. Walipoumizwa wa timu yao, ubongo wao uliitikia kwa nguvu zaidi, nao walikuwa tayari zaidi kuyapokea maumivu. Alipoumizwa mpinzani, wengine ubongo wao ulionyesha dalili za kufurahia, na hao ndio waliokuwa wagumu kumsaidia. Msomaji wa Kariakoo anayejua Jumamosi ya Simba na Yanga hahitaji nimfafanulie. Ajiulize tu ni michango mingapi ambayo amewahi kuitoa kwa mtu asiye wa kabila lake, dini yake, ofisi yake au mtaa wake, kisha aulize kama waliobaki nje hawakuwa na shida.

Dhana: Asiyehisi uchungu wa wenzake ni mkatili.

David Vachon na wenzake walipozijumlisha mwaka 2014 tafiti nyingi zilizopima jambo hili, walikuta kwamba upungufu wa hisia hizo unaeleza takriban asilimia 1 tu ya tofauti za ukali na ugomvi baina ya watu. Kwa upande mwingine, kundi linalochoma mtu aliyeitiwa "mwizi" mara nyingi limejaa watu wanaomwonea uchungu sana mama aliyeporwa pochi.

Dhana: Kuweka akili mbele ni kuwa na moyo wa jiwe.

Dhana hii ina ukweli ndani yake, na sipendi kuupita. Akili peke yake haimsukumi mtu kuamka. Mtu asiyemjali yeyote anaweza kupiga hesabu zote za dunia na asitoe hata shilingi mia. Batson huyohuyo ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba kumwonea mwenzako uchungu huwafanya watu wasaidie kweli. Tena yapo mahali ambapo hisia ndiyo msaada wenyewe. Matangani hakuna anayehitaji mshauri wa kugawa rasilimali. Anahitajika mtu wa kukaa kwenye mkeka, kunyamaza, na kuosha vyombo. Rafiki akikuambia ameachwa na mkewe, ukaanza kumpimia faida na hasara, umemkosea. Huruma yenye kufikiri haikatai hayo. Inachokataa ni kuyafanya machozi kuwa mizani ya kupimia nani apewe na nani akose, pale ambapo ni lazima wengine wakose.

Chukua desturi inayokua hapa mjini ya kusherehekea siku ya kuzaliwa, Idi au Krismasi kwenye kituo cha kulelea watoto, kwa keki, juisi na picha nyingi. Anayekwenda huguswa kwa dhati. Lakini duniani kwa ujumla, watoto wengi walio katika vituo vya namna hiyo wana mzazi angalau mmoja aliye hai, na mara nyingi kilichowafikisha pale ni umaskini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema wazi kwamba umaskini pekee usiwe sababu ya kumtoa mtoto katika familia yake. Huko Bucharest, Romania, watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi, nusu yao wakipelekwa kwa bahati nasibu kwenye familia za kambo, yaani familia zilizowapokea kuwalea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa hiyo laki moja inayomlipia shangazi wa mtoto kodi ya chumba Mbagala, ili aendelee kukaa naye, huenda ikafanya kazi kubwa kuliko keki ya laki moja, ingawa haitampa mtoaji picha hata moja ya kuweka kwenye simu.

Je, hapo ni nani mwenye moyo wa jiwe? Kumuuliza mwenye shida maswali matatu kabla ya kutoa ni kumheshimu, mradi maswali yenyewe yasiwe ya kumdhalilisha, na mradi yaulizwe kwa kila mtu, awe analia au amenyamaza.

Kikundi chetu sasa kina maswali hayo: kinachohitajika ni kiasi gani, ni njia gani nyingine imeshajaribiwa, na ni nani mwingine anayesubiri. Picha hazitumwi kwenye kundi mpaka kamati iwe imekaa. Fundi cherehani alipata fedha za dawa za miezi mitatu, mkupuo mmoja, na hakuna aliyelia. Mwenyekiti aliomba fedha za kumsafirisha mjomba wake kutoka Singida kwa ajili ya uchunguzi ambao tulikuta unafanyika hukohuko Singida, tukamkatalia. Ni mwezi wa pili sasa tunakutana kwenye foleni ya maji na ananipita bila salamu, nami nimeshindwa kuamua kama maswali yetu matatu yalikosewa mahali, au tulikosea tu namna ya kumweleza.